Injini Ngeni kwenye Landrova ya Malale

Gari la umri ule halikutakiwa kupanda kilima kile kwa gia ya tatu. Mkaguzi wa polisi Katarina Sikazwe hakuwa fundi, lakini alikulia Sumbawanga kwenye nyumba ya dereva wa misheni, na Landrova za zamani alizijua kwa masikio. Zilipanda kwa kulia, zikibembelezwa, na mara nyingi abiria walishuka kusukuma. Hii ya Malale ilipanda kwa ngurumo nzito ya dizeli, kama vile kilima hakikuwepo.

Alikuwa ametoka Mamba bila kitu mkononi. Alikwenda huko kwa ajili ya Ezekia, dereva wa pikapu ya Yotham, mfanyabiashara wa mpunga wa mjini Mpanda. Masika iliyopita Ezekia aliondoka Mamba na gari la tajiri wake na mzigo wa mpunga, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona yeye wala gari. Watu walikwisha kumhukumu: amevuka Tunduma, ameuza gari, anakula maisha Zambia. Jalada lilikuwa limelala kituoni mpaka mkewe, Minza, alipokuja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kukataa kuondoka. Katarina alilichukua.

Huko Mamba aliwahoji wenye mashine za kukoboa, wapakizi, mama ntilie, na mwisho Malale mwenyewe, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na mashamba ya mpunga, mtu ambaye watu walimpisha njia. Malale alisema mara ya mwisho alimwona Ezekia mashineni, wiki moja kabla hajapotea. Siku ya safari yake hakumwona. Alilisema hilo bila kusitasita, na Katarina aliliandika.

Gari la polisi lililotumwa kumchukua Katarina lilikwama Sitalike. Malale alikuwa anakwenda Mpanda, akajitolea kumbeba. Katarina alipanda. Kitasa cha mlango wa abiria kilikufa zamani, kwa hiyo Malale alizunguka, akaufunga kwa nje kwa waya mnene, akausokota kwa koleo. Alimwomba radhi, akasema hata mkewe hufungiwa hivyo hivyo.

Njiani Katarina aliisifia injini. Malale alifurahi na kueleza kwa kirefu. Ile ya zamani ilikuwa ya petroli, ilikunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi, halafu ikafa kabisa. Akanunua hii ya dizeli, ya kisasa, kutoka Dar, na fundi mmoja wa Shanwe, Apollinarie, akaifunga. Haikuwa kazi ndogo. Injini na gia boksi havikujuana, ikabidi lichongwe bamba la chuma la kuviunganisha. Mikono ya kushikia injini ilikatwa na kuchomelewa upya, rejeta ikasogezwa mbele, sakafu ya kabini ikakatwa ili gia ipate nafasi. Katarina aliitazama sakafu. Makovu ya kuchomelea yalikuwa bado mabichi.

Aliuliza ilinunuliwa duka gani. Malale alisema ni Dar tu, kuna mtu aliituma kwa lori. Mtu gani? Jina lilikuwa limemtoka.

Mbele kidogo walikuta magari yamesimama. Semi, lori refu la mahindi, ilikuwa imelala katikati ya barabara, tairi zimezama kwenye tope jeusi, na hakuna aliyejua itanyanyuliwa lini. Mwendesha bodaboda mmoja alisema njia ya msituni inapitika, hata yeye amepita asubuhi, na kuna trekta litapita huko baadaye. Njia hiyo ilikatisha porini na kutokea karibu na Kibaoni. Madereva wa mpunga waliitumia zamani, siku hizi walikuwa wameiacha.

Malale alikataa. Kwanza alisema kuna tope kuliko hili. Bodaboda akamwambia ni kichanga, hakuna tope. Akasema kuna tembo. Wakamwambia tembo wamehamia upande wa ziwa. Akasema mafuta hayatoshi. Katarina aliinama, akautazama mshale wa mafuta, ambao ulikuwa juu ya nusu.

"Mzee Malale," alisema, "kesho asubuhi nina kesi mahakamani. Kama wewe hutaki, mwambie huyu kijana anifungulie nipande bodaboda yake. Nitaiona hiyo njia mwenyewe."

Malale alikaa kidogo na mikono juu ya usukani. Watu walikuwa wanamtazama. Kisha akapiga gia, akaingia msituni.

Miombo iliwafunika upesi. Mbung'o waliligundua gari, wakaanza kugonga vioo. Vile vioo vya kusukuma pembeni vilifungwa, na kabini ikawa na joto la tanuri. Joto la injini lilipenya kwenye kile kipande cha sakafu kilichochomelewa vibaya na kuchoma vifundo vya miguu. Malale, aliyekuwa akizungumza tangu Mamba, sasa alinyamaza. Simu ya Katarina ilipoteza mtandao.

Walikwenda hivyo mpaka mshale wa joto ulipofika kwenye alama nyekundu. Malale alisimama penye uwazi, akasema rejeta inataka maji. Katarina alimwomba amfungulie anyooshe goti. Alisita, kisha akazunguka na kuusokotoa ule waya.

Malale alipoinua boneti na kumimina maji, Katarina alisimama upande wa pili akijipepea kwa kitambaa. Ilikuwa injini kubwa kuliko nafasi yake, imebanwa huku na huku mpaka hapakuwa na pa kupitisha mkono. Jicho lake lilitua kwenye dipstiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili. Kichwa chake kilikuwa kimevunjika. Mahali pake palizungushiwa waya wa shaba, ukasokotwa vizuri ukawa pete.

Alipomhoji Yotham mjini Mpanda, alimtaka ataje alama yoyote ambayo mwizi asingejali kuibadilisha. Yotham alifikiri sana, akasema kitu kimoja tu: dipstiki ilivunjika kichwa, na Ezekia akaitengenezea pete kwa waya wa shaba aliouchomoa kwenye mota mbovu.

Katarina aliichomoa, akaifuta, akaitazama kama anayepima oili, akairudisha. Kisha akainama na kupitisha vidole ubavuni mwa injini, pale ambapo namba hugongwa. Palikuwa laini. Palisagwa.

"Oili ipo ya kutosha," alisema.

"Ipo," Malale alijibu, na kufunga boneti.

Angeweza kubaki pale chini. Lakini ilikuwa msitu kila upande, mawingu yalishajikusanya kusini, na alichokuwa nacho hakikuwa mauaji. Kilikuwa mali ya wizi. Maelezo yalikuja yenyewe: Ezekia aliuza gari vipande vipande, injini ikamfikia Malale, Malale akajua na kunyamaza. Kwa hiyo watu walisema kweli, Ezekia ni mwizi, na yeye Katarina ndiye atakayekwenda kumwambia Minza. Mtuhumiwa wa kupokea mali ya wizi hakamatwi porini bila pingu na bila shahidi. Angemkamatia Mpanda, mbele ya kituo. Akapanda. Malale akasokota waya.

Gari lilipoondoka, Katarina aliamua kumfanya azungumze. Hakugusa habari za injini. Alizungumza habari za Minza, jinsi alivyorudi kwa baba yake pale Shanwe, jinsi wanawake wa bombani wanavyomwita mke wa mwizi, jinsi mama mkwe alivyofariki kwa presha bila kujua mwanawe yuko wapi. Alimtazama Malale kwa pembe ya jicho. Alitegemea hofu. Alichokiona kilikuwa kitu kingine. Mzee alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyefika msibani.

"Masikini," Malale alisema. "Na huyo Lucia sasa atakuwa anakaribia kutembea."

Katarina hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, mbung'o akitambaa kwenye kioo.

Mtoto wa Minza aliitwa Raheli. Jina hilo lilitolewa na babu yake, aliyesema hatapokea jina kutoka kwa mwizi, na kanisani, kliniki na mtaani kote alijulikana kwa hilo. Lucia lilikuwa jina alilolichagua Ezekia. Mtoto alizaliwa siku ile ile ya safari. Minza alimpigia simu mumewe akiwa bado wodini, na Ezekia, ambaye alikuwa ameshaondoka Mamba na mzigo, akamwambia mtoto aitwe Lucia, jina la mama yake, na kwamba anakuja. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Minza hakumwambia mtu. Alimwambia Katarina tu, pale kwenye benchi, kwa sauti ya chini, kwa sababu baba yake alikuwa amesimama mlangoni.

Aliyelijua jina lile alilisikia kwa Ezekia, na alilisikia baada ya gari kuondoka Mamba.

"Umesema Lucia," Katarina alisema.

Malale alibadilisha gia bila sababu. Alisema labda amelisikia sokoni. Katarina alimuuliza sokoni kwa nani. Mishipa ya mikono yake ilisimama kwenye usukani, na gari likaongeza mwendo kwenye njia ambayo haikuruhusu mwendo. Matawi yalipiga mlango. Katarina aliweka mkono kwenye kitasa kilichokufa, akauondoa. Njia pekee ya kutokea ilikuwa upande wa dereva.

Korongo lilitokea ghafla. Maji yake yalikuwa mekundu, yamepanda kutokana na mvua ya huko juu, na ng'ambo ya pili kulikuwa na matete marefu yaliyolalia upande mmoja. Malale alisimama ukingoni. Alipasogelea mahali hapo kama anayesogelea ng'ombe mwenye pembe mbaya. Katarina alimwambia warudi. Malale alisema hakuna pa kugeuzia, na ilikuwa kweli, miti ilibana pande zote mbili.

Aliingia. Katikati, gurudumu moja la nyuma lilizama. Alikanyaga mafuta. Injini ile ngeni ilikuwa na nguvu, ikatii mara moja na kuvuta kwa hasira yake yote, na chini yao kitu kikapasuka kwa mlio mkavu. Injini iliendelea kunguruma lakini magurudumu hayakusogea tena. Chuma cha zamani kilichotengenezwa kwa injini dhaifu kilikuwa kimekatika.

Malale alizima. Sasa ilisikika sauti ya maji tu, yakijisugua ubavuni mwa gari.

"Ekseli," alisema. "Apollinarie alinionya. Alisema injini hii ni ya kijana, na mwili ni wa mzee."

"Nifungulie mlango, baba."

"Utakwenda wapi, afande?"

Hakusema kwa ukali. Alichomoa ufunguo, akaushika kiganjani, na hakusogea. Kati ya miguu yake, pembeni mwa kanyagio, kulikuwa na panga la shambani. Katarina aliliona, na Malale alimwona akiliona. Maji yalianza kuingia kwenye ule ufa wa sakafu, membamba kwanza, halafu yakawa dimbwi. Yalikuwa ya baridi.

Katarina alikunja miguu, akaweka mkoba wake magotini. Alipoongea alitumia sauti ile ile anayoitumia ofisini.

"Malale, nina sababu ya kuamini kwamba ulikuwa na Ezekia siku aliyopotea. Hulazimiki kusema jambo lolote. Lakini lolote utakalosema linaweza kutolewa mahakamani kama ushahidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ulimuua?"

Malale aliyatazama matete ya ng'ambo. Kisha akasema, "Ni hapa."

Alieleza polepole, na Katarina alimwacha aeleze. Siku ile yeye alikuwa nyuma ya Ezekia kwenye njia hii hii, na Landrova ikiwa bado na injini yake ya zamani. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Alipofika korongoni aliikuta pikapu imelala ubavu, imeegemea mti, magunia ya mpunga yametawanyika. Ezekia alikuwa ndani, hai. Usukani na dashibodi vilikuwa vimeshuka juu ya mapaja yake na kumbana. Maji yalimfika magotini. Alikuwa mchangamfu, Malale alisema, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimwambia amepata binti, anaitwa Lucia, amtoe upesi akamwone.

Malale alifunga kamba, akajaribu kuivuta pikapu isimame. Injini yake haikuweza. Alijaribu tena na tena, ikazimika kila mara. Mwisho Ezekia mwenyewe ndiye aliyemwambia aache, akatafute watu. Malale akamwachia koti lake, akaondoka.

"Ikakuzimikia tena," Katarina alisema.

"Kule njia hii inapotokea barabara kubwa. Ikafa kabisa. Mungu ni shahidi, nilipiga stata mpaka betri ikaisha."

"Halafu?"

Asubuhi, alisema, alirudi. Maji yalikuwa yamepungua. Ezekia alikuwa ameshakufa, koti limemfunika mabegani. Alimtoa kwa msumeno wa chuma, akamzika. Baadaye alimleta Apollinarie na kumwambia amenunua mabaki ya gari, na fundi wa watu hakuuliza. Wakachukua injini. Kilichobaki kilisukumwa na mafuriko mengine kwenye matete yale. Hakuua mtu, alisema. Alichelewa tu. Injini haikumsaidia tena mtu aliyekufa, na yeye alikuwa na shamba zima la mpunga linalosubiri kubebwa.

Maji yalikuwa yamefunika kanyagio. Katarina aliinua miguu, akaiweka juu ya kile kipande cha chuma kilichochomelewa. Maelezo yale yalikuwa yamenyooka, na karibu yote aliyaamini. Lakini palikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa barabarani.

"Betri imeisha, injini imekufa," alisema. "Asubuhi umerudi hapa na gari, ukiwa na msumeno. Nani alikuwashia gari?"

Malale aliugeuza ufunguo kiganjani.

"Ile ni barabara ya basi la Mpanda. Lilikukuta pale, au sivyo?"

"Lilinikuta."

"Jioni ile ile?"

"Jua lilikuwa bado lipo."

"Lilikuwa na watu?"

"Lilijaa. Walishuka wanaume, wengi tu. Fundi wao akachezea kabureta, wakanisukuma, ikawaka."

"Dereva alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kuna shida gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia gari imeniharibikia."

"Na Ezekia?"

Ufunguo ulimponyoka Malale, ukaanguka majini. Hakuinama kuutafuta.

"Sikumtaja," alisema. "Nilisimama pale nikaisikia injini ya lile basi, inavyonguruma. Nikawaza, yangu imekufa. Nikawaza, ya yule kijana ni nzima, haijaingia maji. Nikasema nitawaambia wakimaliza kunisukuma. Wakamaliza. Nikasema nitaripoti Kibaoni. Nikafika Kibaoni, nikasema asubuhi. Sikumgusa, afande. Nilinyamaza tu. Kila mahali nilinyamaza kidogo."

Katarina hakuandika. Alijua atayakumbuka maneno hayo yote. Maji yalifika kwenye ukingo wa kiti, na gari lilitikisika taratibu, likitaka kuhama. Akasema kwamba yakizidi kupanda yatawachukua wote wawili, na kwamba panga lile linaweza kukata waya wa mlango kupitia dirishani kama mtu akitaka. Malale alilitazama panga kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeliweka pale. Aliliokota. Katarina alibana mgongo kwenye mlango. Malale akaligeuza, akampa upande wa mpini.

Katarina alikuwa amesukuma kioo na kuutoa mkono nje, mbung'o wakiingia, aliposikia trekta. Lilikuwa linakuja kutoka walikotoka, lile walilotajiwa, na lilisimama ukingoni na watu wachache juu ya tela. Dereva, Mpimbwe mnene wa huko huko mwenye kofia ya sufu, alishuka, akaja mpaka maji yakamfika mapajani, upande wa Malale. Aliwasalimia. Akauliza kuna shida gani.

Malale alifungua kioo chake. Katarina aliacha kukata waya. Angeweza kusema yeye. Alikuwa na cheo, na yule angemtii. Hakusema.

"Ekseli imekatika," Malale alisema.

Dereva aliitikia, akageuka, akaanza kurudi kwenye trekta kuchukua mnyororo. Alikuwa ameshaushika aliposikia anaitwa.

"Ndugu yangu, subiri kwanza." Malale alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha, maji yanamlowesha kifua. "Kuna mtu nimemzika hapo juu, chini ya ule mninga. Anaitwa Ezekia. Alikuwa hai nilipomwacha."

Dereva aliuweka mnyororo chini, akautazama ule mninga.